MTAA WA GARI LA MAJI: Wachina wa Singapore na Makao Waliyoyajenga

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Wachina walioshuka merikebuni katika bandari ya Singapore tangu mwaka 1819 hawakupewa hata siku hizo mbili. Wengi wao walitwishwa mzigo mara tu walipokanyaga nchi kavu, na kabla hawajautua, nauli ya safari yao ilikuwa imekwisha kugeuka deni shingoni. Nia yao ilikuwa kukaa miaka michache, wachume, kisha warejee kwao kuoa, kujenga na kuzeekea karibu na makaburi ya wazazi wao. Wako waliorejea. Lakini maelfu kwa maelfu hawakurejea, na mahali walipoishi, wakafanya kazi, wakaugua na wakafa, ndipo panapojulikana leo na wageni kuwa mtaa wa Wachina wa Singapore.

Wenyeji wa mtaa huo wana jina lao wenyewe. Wachina huuita Niu Che Shui, nao Wamalai huuita Kreta Ayer. Majina yote mawili yanahusu gari la maji. Zamani, kabla mabomba hayajafika, magari ya kukokotwa na ng'ombe yalichota maji katika visima vya kilima cha Ann Siang na kuyapeleka nyumba kwa nyumba. Gari limetoweka, ng'ombe wametoweka, lakini jina limebaki. Ni jina lisilomtaja gavana wala tajiri. Linataja kazi, na kwa watu walioujenga mtaa huo kwa mabega yao, jina hilo ni la haki.

MJI ULIOGAWANYWA KWA RAMANI

Singapore ni kisiwa kidogo kwenye ncha ya kusini ya rasi ya Malaya, mahali ambapo merikebu za Bahari ya Hindi hukutana na zile za bahari ya China. Mwaka 1819 Mwingereza Stamford Raffles, mtumishi wa Kampuni ya Mashariki ya India, alifanya mapatano na watawala wa Kimalai, akaanzisha hapo bandari isiyotoza ushuru. Habari zilienea upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 1824 ilionyesha wakazi 10,683, na kati yao Wachina walikuwa 3,317. Kufika mwaka 1836 Wachina walikwisha kuwa wengi kuliko jamii nyingine yoyote kisiwani.

Mwaka 1822 Raffles aliamuru mji upangwe kwa ramani, na kila taifa likatwe sehemu yake. Wazungu walipewa pao. Sultani wa Kimalai, Wabugi na Waarabu wakapangiwa Kampong Glam. Waarabu hao wengi wao asili yao ni Hadhramaut, nchi ile ile iliyowatoa masharifu na wafanyabiashara waliofika Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija. Wachina wakapewa ardhi ya kusini-magharibi ya mto.

Mgawanyo haukuishia hapo. Hata Wachina wenyewe walitengwa kwa makabila yao, maana hawakuwa watu wa lugha moja. Wahokkien waliotoka Fujian walikaa karibu na ufukwe wa Telok Ayer. Wateochew walikuwa kandokando ya mto. Wakantoni wa Guangdong ndio waliojaa Kreta Ayer. Wahakka na watu wa kisiwa cha Hainan nao walikuwa na mahali pao. Mhokkien na Mkantoni wakikutana njiani, kila mmoja akasema lugha ya mama yake, hawakuelewana.

Hata hivyo maisha ya watu hayafuati mistari ya ramani. Apitaye katika barabara ya South Bridge, katikati kabisa ya mtaa wa Wachina, huona msikiti wa Jamae, ulioanzishwa mwaka 1826 na Waislamu wa Kitamili. Hatua chache mbele yake lipo hekalu la Kihindu la Sri Mariamman, ambalo asili yake ni mwaka 1827, na mnara wa lango lake umejaa sanamu za rangi zilizopangwa safu juu ya safu. Vichochoro vitatu mashuhuri vya mtaa wa Wachina vimepewa majina kutokana na majirani hao. Mosque Street ni njia ya msikiti. Temple Street ni njia ya hekalu hilo la Kihindu. Pagoda Street nayo yatokana na mnara wa lango la hekalu lile lile. Hivyo Mchina aliyezaliwa Pagoda Street alitaja ibada ya jirani yake kila alipoulizwa anakaa wapi.

UFUKWE ULIOGEUKA BARABARA

Atakaye kuufahamu mtaa huu na aanzie barabara ya Telok Ayer. Jina hilo la Kimalai lahusu ghuba ya maji, na kweli hapo palikuwa pwani. Mashua zilizowashusha wahamiaji zilikuja karibu kabisa na mahali ambapo sasa magari hupita. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 bahari ilifukiwa kwa udongo, na ufukwe ukajikuta ndani ya mji.

Safari kutoka kusini ya China ilikuwa ya hatari. Watu walisafiri kwa pepo za kaskazi wakiwa wamebanana ndani ya jahazi, na wengine walitupwa baharini wakiwa maiti. Aliyefika salama jambo la kwanza lilikuwa kushukuru. Ndiyo sababu barabara hii fupi imejaa nyumba za ibada. Fuk Tak Chi, hekalu dogo la Wakantoni na Wahakka, lilianza mwaka 1824, na leo ni makumbusho. Thian Hock Keng, hekalu kubwa la Wahokkien, lilijengwa kati ya mwaka 1839 na 1842 kwa heshima ya Mazu, mungu wa kike anayewalinda mabaharia. Mafundi waliunganisha mihimili yake kwa ustadi wa kupachika mti ndani ya mti bila kutumia misumari. Na katika barabara hiyo hiyo Waislamu wa India ya Kusini walijenga Nagore Dargah kati ya mwaka 1828 na 1830, na karibu yake msikiti wa Al-Abrar. Wote walikuwa wamevuka maji, na wote walikuwa na la kushukuru.

Kati ya waliotoa fedha nyingi kwa ujenzi wa Thian Hock Keng alikuwako Tan Tock Seng, mzaliwa wa Malacca, aliyeanza maisha kwa kuuza mboga na kuku na baadaye akawa tajiri. Mwaka 1844 liliwekwa jiwe la msingi la hospitali ya maskini katika kilima cha Pearl's Hill, kwa fedha zake. Hospitali hiyo, ambayo baadaye ilihamishwa, ina jina lake hadi leo.

KULI NA KASUMBA

Neno kuli halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili. Mbebaji wa mizigo wa bandari ya Mombasa au Dar es Salaam ameitwa kwa neno lilo hilo aliloitwa mwenzake wa Singapore. Kuli wa Kichina alikuwa mkulima maskini aliyefukuzwa na njaa, vita na kodi. Hakuwa na nauli. Wakala alimlipia, na alipofika, mwajiri alimnunua kwa kulilipa deni hilo. Hapo tena alipaswa kufanya kazi mpaka deni liishe. Mgeni wa namna hiyo aliitwa sinkeh, yaani mgeni mpya. Baadhi ya nyumba za Pagoda Street zilikuwa mahali pa kuwaweka watu hao kama shehena, wakingoja kupelekwa kwenye mashamba ya pilipili manga na gambiri, au ng'ambo kwenye machimbo ya bati ya Malaya. Mwaka 1877 serikali ya kikoloni iliunda idara ya kuwalinda Wachina, chini ya William Pickering, Mzungu aliyejua kusema lugha zao. Lakini mpaka mwaka 1914 ndipo mikataba ya kuwafunga vibarua wa Kichina kwa deni ilipokomeshwa.

Wale waliobaki mjini walipakua meli, walichukua maji, walipasua mawe. Kuanzia mwaka 1880 yaliingia magari madogo ya magurudumu mawili yanayokokotwa na mtu, yaitwayo riksho. Mvutaji alikimbia katika jua la ikweta, abiria akiwa amekaa kivulini nyuma yake. Jengo la matofali lililofunguliwa mwaka 1903 kwa ajili ya kukagua na kuandikisha magari hayo bado lipo kwenye njia panda ya Neil Road na Tanjong Pagar. Riksho zenyewe zilipigwa marufuku mwaka 1947.

Mwili uliochoka hivyo ulitafuta nafuu, na nafuu iliyokuwa karibu ilikuwa kasumba. Kuli alivuta ili asisikie maumivu ya mgongo, kisha akafanya kazi ili apate za kuvutia. Serikali ya kikoloni haikukataza. Ilikodisha haki ya kuuza kasumba kwa matajiri, na baadaye, mwaka 1910, ikaichukua biashara hiyo mikononi mwake. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 karibu nusu ya mapato yake yalitoka katika moshi huo. Barabara, madaraja na majumba ya fahari ambayo wageni huyapiga picha yalilipiwa kwa sehemu kubwa na mapafu ya makuli. Marufuku kamili ilikuja baada ya vita vya pili vya dunia.

VYAMA VYA KUFA NA KUZIKANA

Mtu wa aina hiyo, asiye na mke, asiye na ndugu, asiyejua lugha ya mtawala, angaliwezaje kuishi? Jibu lipo katika majengo ambayo mpita njia huenda asiyatambue, yenye vibao vya maandishi ya dhahabu juu ya mlango. Ni majumba ya vyama vya ukoo na vya wenye asili moja. Wahakka walianzisha chao, Ying Fo Fui Kun, mwaka 1822, miaka mitatu tu baada ya bandari kufunguliwa.

Kazi za vyama hivyo zitaeleweka na kila aliyepata kuwa katika chama cha kufa na kuzikana. Mgeni alipokewa, akaonyeshwa pa kulala na pa kupata kibarua. Mgonjwa alitibiwa. Aliyekufa alizikwa kwa heshima, na ikiwezekana mifupa yake ilifukuliwa baada ya miaka na kurudishwa kijijini kwake. Watoto walifunguliwa shule. Mwaka 1867 ilianzishwa Thong Chai, zahanati ya dawa za mitishamba, iliyotibu maskini bila malipo na bila kuuliza kabila wala dini ya mtu. Jumba lake la mwaka 1892 limehifadhiwa.

Haifai kuyapamba mambo haya kupita kiasi. Palikuwa pia na vyama vya siri vilivyotoza watu fedha kwa nguvu, vikamiliki nyumba za kamari na za ukahaba, na kuwapiganisha maskini kwa maskini. Mwaka 1854 Wahokkien na Wateochew walipigana kwa siku kadhaa, na mamia ya watu wakauawa. Vyama hivyo vilipigwa marufuku kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1890, ingawa mizizi yake haikung'oka upesi.

Uzi mwingine uliowashika wahamiaji ulikuwa barua. Katika vibaraza vya Kreta Ayer waliketi waandishi wa barua na meza ndogo, kalamu ya manyoya na wino mweusi. Kuli asiyejua kusoma aliketi kando, akanong'ona aliyotaka mama yake ayasikie: kwamba yu mzima, kwamba anakula vema, kwamba atarudi mwakani. Pamoja na barua zilikwenda fedha, hata kama ni kidogo. Barua hizo za wahamiaji wa Kichina, zilizokusanywa kutoka nchi nyingi, ziliandikwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Maneno ya wasiojua kuandika sasa ni hazina ya ulimwengu.

WANAWAKE WA KITAMBAA CHEKUNDU

Kwa miaka mingi mtaa ulikuwa wa wanaume. Hali hiyo ilibadilika hasa baada ya mwaka 1933, serikali ilipoweka kikomo kwa idadi ya wanaume wa kigeni walioruhusiwa kuingia, lakini kwa miaka kadhaa haikuwawekea wanawake. Ndipo walipofika kwa wingi wanawake wa wilaya ya Sanshui katika Guangdong, wanaokumbukwa kwa jina la wanawake wa Samsui.

Hawa walichagua kazi ambayo wengi walidhani si ya mwanamke. Walifanya kazi za ujenzi. Walichimba misingi, walibeba udongo, matofali na mawe kwa mzegazega, kikapu mbele na kikapu nyuma, wakipanda ngazi za mbao siku nzima. Walivaa suruali na vazi la rangi nyeusi au samawati iliyoiva, na kichwani kitambaa chekundu kilichokunjwa kwa pembe, chenye kuwakinga na jua na vumbi. Waliishi wanne au watano chumba kimoja, wakipika pamoja, wakitazamana wakati wa ugonjwa, na kila mwezi wakituma fedha China kuwalea watoto, wazazi au wadogo zao. Wengi hawakuolewa tena. Sehemu kubwa ya majengo ya Singapore ya katikati ya karne ya 20 yana jasho lao ndani ya saruji.

Walikuwako na wengine, wafanyakazi wa nyumbani walioitwa ma cheh, kutoka wilaya ya Shunde. Hao walivaa fulana nyeupe na suruali nyeusi. Waliapa kwa sherehe maalumu ya kuchana nywele kwamba hawataolewa maisha yao yote, wakakaa kama dada, wakichangiana fedha kwa mtindo unaofanana na upatu, na kulea watoto wa watu kwa mapenzi. Wengi wa watoto hao walikua wakasoma, wakawa wakubwa wa mji.

NYUMBA ZA VYUMBA VYA GIZA

Nyumba za mtaa huu zina sura ya pekee. Ni nyembamba mbele, ndefu kwenda nyuma, zimeshikana ubavu kwa ubavu. Chini ni duka au karakana, juu ni makazi. Mbele ya kila nyumba ghorofa ya juu hutokeza na kufunika njia ya waendao kwa miguu, isiyopungua futi 5 kwa upana, kwa amri iliyotoka tangu siku za Raffles. Njia hiyo ya kivuli ilifanya kazi zote ambazo baraza hufanya katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Kinyozi alinyoa hapo, fundi alishona, wazee walicheza bao la Kichina, watoto walilala mchana.

Uzuri wa nje ulificha dhiki ya ndani. Wenye nyumba walikata kila ghorofa kwa mbao nyepesi kuwa vyumba vidogo vingi, vingine bila dirisha. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja cha namna hiyo. Jiko lilikuwa moja kwa wapangaji wote, na choo kilikuwa ndoo iliyobebwa usiku. Kifua kikuu kilipita kutoka chumba hadi chumba kama mgeni asiyebisha hodi. Baada ya sheria ya mwaka 1947 kuzuia kodi zisipande, maskini waliweza kubaki, lakini wenye nyumba nao wakaacha kuzitengeneza.

Katika nyumba za jinsi hiyo, mtu aliyekaribia kufa hakuwa na mahali. Wengi pia waliamini kwamba kifo ndani ya nyumba huleta mkosi kwa wakaao humo. Kwa hiyo Sago Lane ikawa njia ya nyumba za kufia. Makuli na wanawake wazee wasio na jamaa walilazwa humo kungoja saa yao. Chini palikuwa na maiti, na nje mafundi walitengeneza nyumba, magari na nguo za karatasi za kuchomwa kwa ajili ya marehemu, ili aliyekosa nyumba duniani aipate ahera. Nyumba hizo zilipigwa marufuku mwaka 1961.

Mtaa ulikwisha kuona kifo kibaya kuliko hicho. Wajapani waliuteka mji tarehe 15 Februari 1942, na katika majuma yaliyofuata waliwakusanya wanaume wa Kichina kuwachuja. Moja ya vituo vya kuwachuja ilikuwa hapo mtaani, na jiwe la ukumbusho limesimamishwa. Maelfu walichukuliwa kwa magari na kuuawa kwa risasi ufukweni.

KUHAMIA GHOROFANI

Singapore ilipata kujitawala kwa ndani mwaka 1959 na kuwa jamhuri huru tarehe 9 Agosti 1965. Mapema, mwaka 1960, ilikwisha kuundwa halmashauri ya nyumba iliyopewa kazi ya kuwatoa wananchi katika vibanda na vyumba vya giza. Majengo marefu yaliota katika kisiwa chote. Leo karibu watu wanane kati ya kila kumi hukaa katika nyumba zilizojengwa na halmashauri hiyo, na wengi wanazimiliki.

Nani asiyetamani bomba lake mwenyewe, choo chake, dirisha lake na umeme? Familia nyingi za Kreta Ayer ziliondoka kwa furaha, na afya za watoto zikathibitisha kwamba zilifanya vema. Lakini pamoja na ndoo ya usiku na giza, yalibaki nyuma mambo mengine. Jirani aliyejua mtoto fulani anaumwa bila kuambiwa alihamishiwa upande mwingine wa kisiwa. Mzee aliyezoea kushuka ngazi na kuwakuta wenzake barazani alijikuta ghorofa ya kumi, mlango umefungwa. Wachuuzi wa barabarani waliingizwa katika soko jipya la Kreta Ayer mwaka 1983, lenye maji safi na mifereji, na njia zikawa kimya. Hata lugha zilipungua. Kampeni ya mwaka 1979 iliwahimiza Wachina wote waseme Kimandarini badala ya lugha za makabila yao. Sasa Mhokkien na Mkantoni wanaelewana, lakini wajukuu wengi hawawezi kuongea sawasawa na bibi zao.

Mwaka 1989 yalitokea mambo mawili yanayostahili kutazamwa pamoja. Mwezi Machi serikali iliweka utaratibu kwamba katika kila jengo la umma Wachina, Wamalai, Wahindi na wengineo wawemo kwa viwango maalumu, ili jamii moja isijikusanye peke yake. Ghasia za mwaka 1964 kati ya Wamalai na Wachina hazikuwa zimesahauliwa. Ramani ya mwaka 1822 ya kuwatenga watu ikawa imepinduliwa na sheria ya kuwachanganya. Mwezi Julai mwaka ule ule mtaa wa Wachina ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa. Yaani watu waliokwisha kutawanywa walikaa kila mahali, na nyumba zilizobaki bila watu zikawekwa chini ya ulinzi.

KILICHOMO CHUNGUNI

Siku hizi kuta zimepakwa rangi mpya za waridi, samawati na njano. Mahali walipolala makuli kumi panauzwa zawadi za watalii, na kodi ya duka ni ya kuogopesha. Hekalu kubwa la Jino la Buddha, lililofunguliwa mwaka 2007, limesimama karibu na ilipokuwa njia ya nyumba za kufia. Anayetafuta mtaa wenyewe ulipojificha na apande ghorofa ya juu ya soko la Kreta Ayer saa za asubuhi, au aingie banda la Maxwell saa za mchana. Huko wazee wa kweli wa mtaa hukutana wakanywa kahawa na kubishana. Mapishi hayo ya vibandani pamoja na desturi zake yalitambuliwa na UNESCO mwaka 2020 kuwa urithi wa binadamu.

Chakula kimoja chasimulia habari yote, nacho ni wali wa kuku wa Kihainan. Watu wa Hainan walichelewa kufika, wakakuta kazi nyingi zimeshikwa na makabila mengine, kwa hiyo wengi wakawa wapishi na wahudumu. Kuku mzima huchemshwa kwa moto mdogo pamoja na tangawizi na vitunguu vya majani, bila maji kutokota kwa nguvu. Akiiva hutumbukizwa katika maji baridi sana ili ngozi ikaze. Mafuta yake hukaangiwa kitunguu saumu, tangawizi na mchele mkavu, kisha mchele huo hupikwa kwa supu ile ile ya kuku, pamoja na jani la mmea wa jamii ya mkadi ili unukie. Huliwa kwa matango, na pilipili iliyotwangwa na kukamuliwa ndimu. Hakitupwi kitu: nyama, mafuta na supu vyote vimepata kazi. Ni upishi wa watu waliojua thamani ya kuku mmoja, na pilipili yake ni ya Kimalai kuliko ya Kichina. Mama wa nyumbani wa nchi yoyote anaweza kuujaribu, maana kila kitu kinapatikana sokoni, na jani likikosekana wali hautakataa kuiva.

Miji yote inayokua inakabiliwa na swali lililoikabili Singapore. Vyumba vya giza ni lazima vibomolewe, na asiyepata kuishi ndani yake asithubutu kuvisifu. Lakini ndani ya vyumba hivyo watu walikuwa wamejenga kitu kingine kisichoonekana katika michoro ya wahandisi: namna ya kumpokea mgeni, kumwuguza asiye na jamaa, kumwandikia barua asiyejua kusoma na kumzika asiye na mtu. Halmashauri inaweza kuvuta bomba hadi ghorofa ya kumi. Anayebisha hodi kwa jirani mpya, akiwa na bakuli la wali mkononi, hupaswa kutoka miongoni mwa wakazi wenyewe.